Kifaa Kikikataa, Mali Haijapotea
Tangu bitikoini ianze mwaka 2009, wako walioandika ufunguo wake wa siri karatasini. Wanapotaka kuihamishia mali hiyo katika kifaa maalumu cha kuhifadhia funguo, aghalabu kifaa huukataa ufunguo ule, nao hudhani wamefilisika. La hasha! Kifaa hujitungia funguo zake kutokana na maneno 12 au 24. Ufunguo mgeni hakiutambui.

Dawa yake ni programu ya kuaminika iusome ufunguo wa karatasi, kisha ipeleke salio lote kwenye anwani iliyothibitishwa katika kioo cha kifaa. Uhamisho ukichelewa, tusitaharuki: mwenye ada ndogo hungoja zamu. Bali tunawaonya wananchi na maofisa: aombaye maneno hayo ili asaidie ni mwizi. Asipewe.