Tiba ya pombe kwa simu: soko lipo Ntinda, bando nani atalipa?

Ijumaa jioni Ntinda, Kampala, moshi wa muchomo, yaani nyama choma, umetanda, baa zimetoa viti nje, na Port Bell inakotengenezwa Uganda Waragi si mbali. Pombe haitafutwi hapa. Kinachotafutwa ni tiba: uende Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, au ulipie kitanda katika kituo binafsi huku kazi imesimama.

WHO ilikadiria kuwa mwaka 2016 kila mkazi wa Uganda mwenye miaka 15 na zaidi alikunywa wastani wa lita 9.5 za kilevi halisi. Serikali ilipiga marufuku pombe ya vifuko, ambavyo Watanzania huviita viroba, mwaka 2019. Kiu haikuondoka na vifuko.

Njia mojawapo ni tiba ya fikra na mienendo, nayo ni kazi ya daftari. Mnywaji anaandika: Ijumaa, saa kumi na moja, mshahara umeingia, rafiki amepiga simu, chupa sita. Mshauri anamrudisha kwenye ile simu: uliwaza nini kabla ya kujibu? Wiki ijayo utamwambia nini? Hakuna sindano wala kitanda, ndiyo maana huduma hii inaingia kwenye simu. Stockholm, utafiti wa watu 301 ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa intaneti hawakuachwa nyuma na waliokutana na mtaalamu ana kwa ana. Eldoret, Kenya, wagonjwa 614 wenye VVU walishiriki utafiti ambamo tiba hii ilitolewa kwa vikundi, kwa Kiswahili, na washauri wasio madaktari. Waliopewa tiba hii walipunguza unywaji kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya afya ya kawaida. Kwa mwekezaji, hilo la Eldoret lina uzito zaidi: nguvukazi inaweza kufunzwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Ningeanza na sauti ya kusikiliza na ujumbe mfupi wa kujibu, kwa Kiganda na Kiswahili. Video inakula bando, na anayepanga chumba kimoja chenye ukuta mwembamba hawezi kutaja chupa zake kwa sauti. Ila anayetetemeka asubuhi akikosa pombe asiache peke yake. Degedege linaweza kumuua. Huyo aanzie hospitali.

Bima ya afya ya taifa bado, kwa hiyo wengi hulipa kutoka mfukoni. Na bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, ilipofutwa ile ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Sheria yenyewe imesamehe data ya huduma za tiba na elimu, lakini anayenunua bando la kawaida hukatwa kodi bila kuulizwa kama anaangalia mpira au anazungumza na mshauri. Mamlaka ya mapato, kampuni za simu na watoa tiba wakae meza moja, msamaha huo umfikie mgonjwa.