Uzamili wa sayansi ya mifugo: ukasome au uongeze ng'ombe?

Swali ninaloulizwa sana na nyie mliomaliza shahada mkarudi huku Muze kulima mpunga na kufuga ni hili: hela niliyonayo niongeze ng'ombe, au nikasome uzamili? Mimi huwa nawarudishia swali: unakwenda kutafuta jibu la nini?

Tusichanganye mambo

Sayansi ya mifugo siyo udaktari wa mifugo. Daktari husoma shahada yake miaka mitano, anatibu na kupasua. Mtaalamu wa sayansi ya mifugo anashughulika na lishe, malisho, uboreshaji wa mbari na uzalishaji. Pale SUA, Morogoro, uzamili kwa kawaida ni miaka miwili: masomo ya darasani, halafu utafiti wako mwenyewe na kuandika tasnifu. Utafiti huo ndio unaokutofautisha na wengine.

Swali zuri linatoka zizini

Chukua hapa bondeni kwetu. Mpunga ukishavunwa, majani yake makavu yanabaki shambani, mengine yanachomwa moto. Kiangazi kikikolea, ng'ombe wanakonda. Kwa nini wasinenepe kwa majani yote hayo? Kwa sababu protini yake ni kama asilimia 4 tu, wakati vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinahitaji karibu asilimia 7 ili kusaga chakula vizuri. Ng'ombe anajaza tumbo, lakini mwili haupati kitu.

Njia zipo: kuyasindika majani hayo kwa urea, au kumwongezea ng'ombe mashudu ya alizeti. Ila ipi inalipa kwa bei za Muze, kwa dume wa kienyeji, na kwa siku ngapi kabla ya kumpeleka mnadani? Hilo ni swali la uzamili. (Urea usiijaribu kwa kukisia vipimo, ikizidi inaua.)

Ukipanda mlima kwenda Sumbawanga, kwenye baridi, swali linabadilika. Huko mtu anataka kujua ng'ombe wa maziwa awe chotara wa kiasi gani ili maziwa yaongezeke bila gharama za chakula na dawa kumshinda mfugaji.

Milango inayofunguka

- Utafiti: TALIRI ina vituo kadhaa nchini. Kilicho jirani na sisi ni Uyole, Mbeya.
- Ualimu: vyuo vya mifugo vya LITA, au chuo kikuu, ambako uzamili ndio unaokuingiza kwenye ngazi ya mhadhiri msaidizi.
- Viwanda: kupanga michanganyiko ya chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa.
- Uzalishaji wa mbegu: Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha.
- Mashirika ya kimataifa: mfano ILRI, yenye makao makuu Nairobi. Ukitaka kuongoza utafiti wako, jiandae kwenda mpaka uzamivu.

Pale ambapo hailipi

Kama unataka kazi ya ugani kwenye kata, huhitaji uzamili. Stashahada au shahada inatosha. Kama unataka kunenepesha madume na kuuza, mafunzo mafupi na kuweka kumbukumbu vizuri vitakufikisha mbali. Na kama huna swali, usiuze mifugo ulipe ada. Miaka miwili ni mirefu, na kundi lililouzwa kujengwa upya ni kazi.

Anza hivi

Pima ng'ombe watano kila mwezi kuanzia sasa hadi mvua zianze. Kama huna mizani, tumia utepe wa kupimia kifua. Andika kila walichokula na ulichotumia. Ukienda kuomba nafasi au ufadhili ukiwa na daftari hilo, una kitu cha kumwonyesha msimamizi. Na hata usipokwenda, tayari unajua ng'ombe yupi anakula faida yako.

Mwenye daftari apite ofisini, tulisome pamoja tuone swali liko wapi.