Kwa nini figo huumia baada ya upasuaji wa moyo?

Mgonjwa wa Bwera, mji wa wilaya ya Kasese ulio karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, akihitaji kufunguliwa kifua ili moyo utengenezwe, mara nyingi husafiri zaidi ya kilomita 350 hadi Kampala, iliko Taasisi ya Moyo ya Uganda. Miongoni mwa wanaofanya safari hiyo ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo utotoni huanza kama maumivu ya koo tu.

Vali ikishatengenezwa, macho ya madaktari hugeukia figo. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne hupata hitilafu ya ghafla ya figo baada ya upasuaji wa aina hii. Wachache huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, lakini hao ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Sababu ni nyingi, na mojawapo imo ndani ya mishipa yenyewe. Kila mshipa wa damu umetandazwa utando wenye unene wa seli moja, uliofunikwa na tabaka laini la sukari na protini. Utando huo huamua kipi kitoke kwenye damu na kipi kibaki, tena hutoa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa.

Wakati wa upasuaji, mara nyingi moyo husimamishwa na damu kupitishwa kwenye mashine. Inapogusa mipira ya mashine hiyo, kinga ya mwili huamka kana kwamba adui ameingia. Tabaka laini humomonyoka, maji huvuja. Baadhi ya chembe nyekundu hupasuka, na himoglobini iliyomwagika huimaliza naitriki oksaidi. Mishipa hubana, na figo, ambazo sehemu yake ya ndani huishi kwa oksijeni kidogo hata mtu akiwa mzima, hukosa damu ya kutosha. (Virusi vya Ebola, vilivyofika Bwera Juni 2019, navyo huudhuru utando huu, ingawa kwa njia tofauti.)

Kipimo cha kreatinini huchelewa kuonyesha madhara, pengine kwa siku moja au mbili. Hakuna dawa iliyothibitika kuirudishia figo nguvu zake; kinachobaki ni kulinda shinikizo la damu na kuepuka vinavyoiumiza.

Hapo ndipo penye mtihani kwa aliyekwisha kurejea nyumbani. Kidonda kikiuma, ni rahisi kununua diklofenaki au ibuprofeni dukani, dawa ambazo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Parasetamoli, kwa kipimo sahihi, ni salama zaidi. Mkojo ukipungua au miguu ikivimba, mgonjwa apimwe mara moja, kwa maana mashine za kusafisha damu katika hospitali za umma huenda ziko mbali.