Hadithi ni ya Nani? Mwanamke katika Ngano na Riwaya Zetu

Mwaka huu zamu ya kuandika makala ya fasihi imeniangukia mimi, nami nimeonelea nieleze jambo ambalo limezua ubishi mkubwa katika kidato chetu cha tatu. Nalo ni nafasi ya mwanamke katika hadithi za Kiswahili, tangu zile tunazosimuliwa na nyanya zetu jikoni hadi zile riwaya za upelelezi ambazo wavulana hupokezana chini ya dawati, wakidhani mwalimu hawaoni.

Ubishi wenyewe ulianza hivi. Mwenzetu mmoja alisema ati hadithi za wanawake ni vitabu vya wasichana, mwanamume akivisoma hapati faida. Mwengine akamjibu kwamba hakuna hadithi isiyo na mwanamke ndani yake. Darasa likagawanyika mara mbili, kengele ikalia, tukatoka bado twabishana. Kwa maoni yangu wote wawili walisema nusu tu. Mwanamke yumo hadithini, hilo halina shaka. Lakini hadithi yenyewe ni ya nani?

Ili tusibishane hewani, nimetunga maswali matatu ambayo mtu aweza kukiuliza kitabu chochote. Kwanza, hadithi inaitwa kwa jina la nani? Pili, nani anayekata shauri katika hadithi hiyo? Tatu, mambo yakiharibika, nani anayeadhibiwa? Sasa tuyachukue maswali hayo twende nayo mbele.

Tuanze na ngano. Sote tunamjua Fumo Liyongo, shujaa wa Pwani aliyekuwa hodari wa mishale na wa kutunga mashairi. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu alikiandika kisa hicho kwa utenzi mwaka wa 1913. Liyongo alitiwa gerezani na mfalme wa Pate, auawe. Je, alitokaje? Hakutoka kwa nguvu zake peke yake. Kila siku kijakazi aliyeitwa Saada alimpelekea chakula kutoka kwa mamake, na kila siku walinzi walikula kilicho kizuri. Ndipo Liyongo akamtuma Saada kwa mamake: apike mkate wa pumba na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa pumba waliudharau, wakamwachia Saada apite nao. Usiku, huku ngoma ikivuma nje, Liyongo akaikereza minyororo yake, akatoka.

Hebu fikiri, msomaji. Kama Saada angetetemeka mlangoni, kama angekamatwa na ile tupa, nani angekatwa kichwa? Ni yeye. Hata mwisho wa kisa, Liyongo alipokwisha kuchomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, akapiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wa mji waliogopa kuteka maji. Walimwendea nani? Mamake, aje amtulize. Mji mzima wenye askari ulimtegemea mama mmoja. Lakini ukimuuliza mtoto wa darasa la sita hadithi hiyo ni ya nani, atakwambia ni ya Liyongo. Saada, baada ya kuupitisha mkate, hatujui alikwenda wapi.

Nami naona ajabu kwamba mwaka huo huo wa 1913 Kijumwa alipoandika utenzi wake, kule kwa Wagiriama mwanamke wa kweli, Mekatilili wa Menza, alikuwa akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwalisha kiapo wasiwatii Waingereza. Alikamatwa akapelekwa mbali magharibi mwa Kenya, akatoroka akarudi kwao. Basi wanawake wenye kukata shauri hawakukosekana. Waliokosekana ni wa kuwaandikia.

Sasa tuingie katika riwaya. Katika miaka ya sabini na themanini waandishi watatu wanaume walithubutu kumweka msichana katikati ya kitabu, na wawili kati yao wakakipa kitabu jina la msichana huyo. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka wa 1971. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Nyota ya Rehema mwaka wa 1976. Said Ahmed Mohamed alitoa Utengano mwaka wa 1980. Swali la kwanza basi wanalipita vizuri. Lile la tatu ndilo zito.

Rosa ni binti wa Ukerewe ambaye babake, mlevi Zakaria, anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua akiwaogopa wanaume, na anapopata uhuru chuoni hajui kuutumia. Mwisho anajiua. Kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kudhaniwa kitawaharibu vijana. Mimi nilipokisoma niliona kinawaonya zaidi wazazi kuliko vijana.

Rehema naye ni binti wa tajiri Fuad. Anateswa nyumbani kwa babake hadi anatoroka, anaolewa na mkulima maskini Sulubu, wanalima shamba kwa jasho lao, na baadaye warithi wanakuja kudai kwamba shamba si lake. Hapa kwetu Kwale nadhani hakuna anayehitaji kuelezwa uchungu wa kuambiwa ardhi uliyoilima si yako. Kuna jambo jingine pia. Zamani Wadigo walirithiana kwa upande wa mama: mtu akifa, mali yake ilikwenda kwa wana wa dada yake. Watu wengine hujivunia hilo wakisema kwetu mwanamke alikuwa na heshima. Ni kweli ukoo ulihesabiwa kwake. Lakini ukitazama vizuri, mali ilipita kwake ikaenda kwa mwanawe wa kiume. Ni kama Saada na mkate: alibeba, hakula.

Katika Utengano, Maimuna amefungiwa ndani na babake, Bwana Maksuudi, mtu mkubwa mbele za watu na dhalimu ndani ya nyumba. Mamake, Tamima, naye anateswa. Maimuna anatoroka, na kwa kuwa hakufundishwa chochote cha dunia, anaangukia katika ulevi na ukahaba. Lakini angalieni tofauti. Rosa wa 1971 anakufa. Maimuna wa 1980 anainuka tena na kuolewa na Kabi, na Maksuudi haachwi aende zake, naye anaporomoka. Miaka tisa tu, na tayari hadithi imeanza kumuuliza baba maswali.

Walimu wangu wapendwa na wanafunzi wenzangu, hapa ndipo nataka mnisikilize. Hadithi ya Rosa inasimuliwa hapa kijijini kila mwaka bila ya kitabu. Msichana asiporudi shule muhula wa pili, kila mtu ana sura yake ya kuongeza: alipenda starehe, alionekana nyuma ya bodaboda, alionekana ufuoni, mamake alimdekeza. Msichana ana jina, mamake ana jina, hata rangi ya rinda lake inakumbukwa. Mwanamume je? Sikwambii jina, hata sura hana. Yeye hakuacha shule wala kazi, na jioni yuko barazani akisikiliza hadithi hiyo kama wenzake.

Serikali ya Kenya tangu mwaka wa 1994 inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani. Mwenzetu mmoja alirudi. Ameniruhusu niandike hili bila ya kumtaja. Siku tuliyojadili Utengano chini ya mwembe, tulishindana kumlaumu Maimuna: mara hana shukrani, mara hana haya. Yeye alinyamaza muda wote, kisha akauliza, "Mbona hakuna aliyeuliza babake alikuwa akifanya nini?" Tukawa kimya. Tangu siku hiyo swali langu la tatu limekuwa hilo, na ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba hivi ni vitabu vya wasichana. Wavulana wanavihitaji zaidi, maana Maksuudi alikuwa mvulana siku moja.

Sehemu ya tatu ni ya wanawake walioshika kalamu wenyewe. Msidhani jambo hili ni la juzi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utenzi wake mwaka wa 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Wengine leo wanaona mawaidha yake kuhusu mume yamepitwa na wakati. Lakini kumbukeni kwamba ni mama mgonjwa anayemwachia mwanawe maneno, na maneno hayo yameishi zaidi ya miaka 160.

Penina Muhando wa Tanzania aliandika tamthilia ya Nguzo Mama, iliyotoka mwaka wa 1982. Humo wanawake wanaoitwa kwa tarakimu, Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo na inawashinda, kwa sababu kila mmoja ana lake. Yeye hakuwasifu wanawake bure bure, aliwaambia ukweli. Hapa Kenya Ari Katini Mwachofi alitoa Mama Ee mwaka wa 1987, na Zainab Burhani akatoa Mwisho wa Kosa mwaka huo huo. Waliotutangulia shuleni walisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambamo Umulkheri anabaki kuwa mlezi wa ndugu zake baada ya wazazi kutoweka, na Kigogo ya Pauline Kea, ambamo Tunu anaongoza watu kumpinga Majoka. Sisi tunayo Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, iliyotoka mwaka wa 2021. Mangwasha ana mume mlevi, mtaa wao unateketezwa, na bado ndiye anayewaunganisha majirani. Katika vitabu hivi swali la pili limejibiwa: mwanamke anakata shauri. Lakini angalieni, hata katika Nguu za Jadi kiti cha uongozi mwishowe anakikalia Lonare. Nawaachia hilo mlijadili.

Sasa nifike kwa wapenzi wa upelelezi. Mpelelezi wa kwanza maarufu katika riwaya za Kiswahili ni Bwana Msa mwenye kiko chake, wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka mwaka wa 1960. Akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona ya 1974. Akaja Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nakiri ni vitabu vitamu, nami nimewahi kuunguza wali kwa sababu ya Willy Gamba. Lakini hesabuni: wapelelezi wote watatu ni wanaume. Mwanamke katika vitabu hivi mara nyingi ni mrembo wa kuokolewa au mrembo wa kuogopwa. Hata Nuru, ambaye anafuatana na Joram Kiango katika Tutarudi na Roho Zetu na ni jasiri kweli kweli, bado ni msaidizi wa mtu.

Je, wenzetu wamefanyaje? Tuvuke bahari hii tunayoiona kila siku twende India. Wahindi nao wana utendi mkongwe, Ramayana, unaoitwa kwa jina la mwanamume, Rama. Mkewe, Sita, anatekwa, anaokolewa, kisha anashukiwa na kufukuzwa akiwa mja mzito. Kwa karne nyingi hadithi ilikuwa ya Rama. Waandishi wa kike wa siku hizi wameirudisha kwa mwenyewe. Volga, anayeandika kwa Kitelugu, alitunga hadithi ambazo Sita anakutana na wanawake wengine wa utendi huo huo na kujifunza kutoka kwao, na kitabu hicho kikapata tuzo ya taifa ya Sahitya Akademi mwaka wa 2015. Chitra Banerjee Divakaruni alimpa Sita mdomo aseme mwenyewe katika riwaya yake ya 2019. Hakuna aliyeutupa utendi wa kale. Waliusimulia upya kutoka upande wa pili. Na katika upelelezi, Kalpana Swaminathan amemuumba Lalli, mwanamke wa Mumbai aliyestaafu polisi akiwa na miaka yake sitini na kitu, na wahalifu wanamwogopa.

Mwanamke mzee mpelelezi! Mbona sisi hatujafikiri hilo? Nani hapa Msambweni anajua mambo kuliko yule bibi anayeuza bajia kituo cha matatu? Anajua nani kashuka na nani, saa ngapi, na mfuko gani. Mpeni kisa cha mashua iliyopotea Shimoni au lori la miwa lililotoweka njia ya Ramisi, muone kama Joram Kiango atamfikia.

Basi napendekeza kwa chama chetu shindano la uandishi muhula ujao, lenye mafungu mawili. La kwanza: kisa cha Fumo Liyongo kama anavyokisimulia Saada, tangu asubuhi alipopewa mkate wenye tupa hadi siku tusiyoijua, alipokwenda baada ya hapo. La pili: hadithi ya upelelezi ambayo mpelelezi wake ni mwanamke wa hapa kwetu. Wavulana wasikae kando. Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed walikuwa wanaume, na walisikiliza vizuri wakaandika.

Karatasi zipelekwe kwa katibu wa chama. Mimi yangu nimekwisha kuianza, na nimefika pale mlinzi anapounusa mkate.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Msambweni.