Usitupe redio ya mapili

Hapa Lubudi vijana wanasikiliza redio kwa telefone, wanacheka ile ya baba yao. Tupime basi.

Redio ya zamani, ile ya FM na mawimbi mafupi, inataka mapili tu. Hauombwi mega. Ukiwa mu kamiyo, njia ya Kolwezi, sauti ya FM inaanza kukwaruza polepole, lakini habari ungali unaishika. Mawimbi mafupi yanagonga juu angani, yanarudi chini mbali sana.

Ya dijitali iko safi, haina kelele. Lakini rezo ikipotea, inanyamaza mara moja. Na kwa sauti ya kilobiti 64, saa moja inakula karibu mega 30.

Norvege walizima FM ya redio za taifa mu 2017, wakabaki na DAB, dijitali inayopita hewani bila intaneti. Walijenga minara kwanza. Kwetu Lubudi, dijitali njo telefone.

Na tukumbuke mwisho wa 2018: kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa mu inchi muzima mpaka Januari 2019. Hata FM ya RFI ilizimwa Kinshasa. Mwenye mawimbi mafupi alikuwa na mlango mwingine.

Sisi wa sendika tunajua: siku ya ajali ao ya mgomo, habari njo kinga ya mfanyakazi. Nyumbani, telefone ni nzuri. Lakini mu kamiyo na kando ya kitanda, ile ya mapili ibaki.