Kusoma Medali za Afisa Aliyefika Kilosa

Tarehe 22 Agosti 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya upande wa Uingereza chini ya Jenerali Jacob van Deventer yaliwatoa Wajerumani Kilosa, kwenye Reli ya Kati. Mwezi uliofuata yalishuka kusini hadi Kidodi, upande uliko Mikumi ya leo. Maafisa waliokuwamo walipewa medali. Tuseme seti moja imewekwa mezani: inatueleza nini juu ya utumishi wa mwenyewe?

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Medali ya vita hupewa kila aliyehudumu mahali fulani katika kipindi fulani. Haiulizi alifanya nini. Nishani hutolewa kwa mtu mmoja mmoja, kwa mapendekezo ya wakubwa wake, na jina lake huchapishwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza. Afisa aliweza kupata DSO (Distinguished Service Order), iliyoanzishwa mwaka 1886, au Msalaba wa Kijeshi, ulioanzishwa Desemba 1914 kwa makapteni na walio chini yao. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, alitengewa medali nyingine ya ushujaa. Mbele ya risasi zilezile, cheo ndicho kilichoamua mtu avishwe nini.

Medali za vita zenyewe ni tatu. Nyota ya 1914–15, ya shaba, ina masharti ya muda: mtu awe ameingia katika eneo la mapigano kabla ya mwaka 1915 kwisha. Kwa hiyo afisa aliyeanza vita Afrika Mashariki mwaka 1916 hanayo. Afisa wa Kilosa mwenye Nyota hiyo katika seti yake alikuwa vitani tangu zamani, huku au kwingineko. Ya pili ni Medali ya Vita ya Uingereza, ya fedha. Ya tatu ni Medali ya Ushindi, yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua. Utepe huo ukiwa na jani dogo la mwaloni, mwenyewe alitajwa kwa sifa katika ripoti ya kamanda. Na maandishi ya nyuma yakiwa ya Kiingereza na Kidachi, medali ilitolewa na Muungano wa Afrika Kusini, walikotoka wapanda farasi wa van Deventer.

Sasa geuza medali utazame ukingo, au mgongo kwa Nyota. Ya askari wa kawaida imechorwa namba, cheo, jina na kikosi. Ya afisa haina namba, na Medali ya Vita na ya Ushindi za afisa wa jeshi la Uingereza kwa kawaida hazina hata kikosi.

Tujaribu kanuni hizi kwa Kapteni Frederick Selous. Kikosi chake, cha 25 cha Royal Fusiliers, kilitua Mombasa Mei 1915. Basi Nyota anastahili. Alipata DSO mwaka 1916, akauawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65. Lakini Selous alikuwa mwindaji aliyejitolea. Medali hizi tatu hazimtofautishi na afisa wa kazi. Dalili ya afisa wa kazi hutafutwa kando yake, katika medali za kabla ya 1914, kama ile ya Utumishi Afrika yenye kibao cha fedha kwenye utepe: “Nandi 1905–06”. Kibao hicho kinahusu vita ambavyo ndani yake kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa katika kikao kilichoitwa cha amani. Medali haisemi hivyo.

Kwa Vita vya Kwanza mpango wa vibao vya mapigano uliachwa kwa ajili ya gharama. Kwa hiyo jina la Kilosa halimo katika utepe wowote.

Seti ya afisa haiwataji pia wapagazi waliobeba risasi na unga wa majeshi ya Waingereza. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zilihesabu zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengine wanakaribia 100,000. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wengi wao hawakuandikwa kwa majina.

Kwa maoni yangu, seti ya afisa ni ushahidi mzuri wa tarehe na cheo, na ushahidi dhaifu wa vita vyenyewe. Kama nyumbani kwenu Kilosa, kata ya Ulaya au Kidodi ipo medali ya babu, msiisugue ukingo. Nakilini namba, jina na kikosi, mkaandike pia mnachokumbuka juu yake, wazee wangali hai.