Tovuti ya Programu: Mgeni Anakuja Kutafuta Nini?



Siku hizi vikundi vingi vina kijana mmoja au wawili wanaojua kuandika programu za simu na kompyuta. Wanatengeneza programu ya kuandika akiba na mikopo ya chama, au ya hesabu ya maziwa ya wanachama. Kazi ni nzuri. Halafu wanataka vikundi vingine viijue na kuitumia, basi wanasema: tufungue tovuti. Hapo ndipo pesa za kikundi huanza kupotea.

Mimi nilikaa katika kamati moja ya namna hii. Tulikutana mara tatu. Mkutano wa kwanza tulibishana juu ya rangi. Wa pili, picha ya nani iwe juu. Wa tatu tukaandika historia ya kikundi na shabaha zake. Tovuti ikatoka, ikapendeza. Baadaye mweka hazina wa kikundi cha jirani akatupigia simu: "Nimeangalia hiyo tovuti yenu mpaka bando ikaisha. Sijaona kama hii kitu itakubali kwa simu yangu. Na ni pesa ngapi?" Mikutano mitatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mama kama huyu angetaka kujua nini.

Sasa tuanzie wapi? Chukueni karatasi na kalamu, kompyuta iwekwe kando. Andikeni ni nani watakaokuja, na kila mmoja anakuja kufanya nini.

Mgeni wa kwanza ni huyo mweka hazina. Amesikia habari za programu sokoni tu. Inafanya kazi gani? Ni bure au ya kulipa? Inataka mtandao kila wakati, au hata pale hakuna netwaki itafanya? Na swali moja ambalo vijana husahau: majina ya wanachama, nambari za vitambulisho na madeni yao yatakaa wapi, na nani atayaona? Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, kwa hivyo ana haki ya kuuliza. Majibu haya yawe ukurasa wa mbele, kwa maneno ya kawaida. Msiandike "suluhisho la kisasa la usimamizi wa fedha". Andikeni: "Programu ya kuandika akiba na mikopo ya chama. Ni bure. Hufanya kazi hata bila mtandao." Kama ni kweli, lakini.

Mgeni wa pili ameshaanza kuitumia na amekwama. Ni usiku, kesho kuna mkutano, hesabu inakataa. Huyu hataki kusoma habari zenu. Anataka neno "Msaada" mahali anapoliona mara moja, na nambari ya simu ya mtu atakayejibu.

Wa tatu ni kijana wa mahali pengine anayetaka kuirekebisha programu au kuitafsiri kwa lugha yao. Aonyeshwe maandishi ya programu yako wapi na ameruhusiwa kufanya nini nayo. Muandike pia tarehe ya toleo la mwisho. Programu isiyo na tarehe ni kama duka lililofungwa mlango nusu. Mtu hajui kama mwenyewe yuko.

Wa nne ni mfadhili, anayetaka kujua ninyi ni nani. Ile mikutano yetu yote mitatu tulikuwa tunamwandalia huyu wa nne, na ndiye anayekuja mara chache zaidi!

Tena wageni hubadilika. Chukueni mfano wa Ushahidi, iliyoanza hapa kwetu Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mgeni wa tovuti ile alikuja kuripoti yaliyotokea kwao, au kuangalia ramani aone shida iko wapi. Baadaye programu yenyewe ikatolewa bure, na ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Basi akaja mgeni mwingine: yule aliyetaka kuanzisha ramani yake mwenyewe, lakini hakujua kuiweka programu kwenye seva, yaani ile kompyuta inayobeba tovuti. Mwaka huo wa 2010 wenye mradi wakafungua Crowdmap, ambako mtu aliweza kujiandikisha na kupata ramani bila kushughulika na seva. Aliondolewa shida yenyewe, si kuongezewa maelezo.

Picha pia ni gharama ya mgeni. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 3 au 4. Ipunguzeni mpaka chini ya KB 200, bado itaonekana vizuri. Na mwenye mulika mwizi hatafungua tovuti hata kidogo; yeye aandikiwe karatasi ya kubandikwa sokoni.

Kabla ya kulipa mtu yeyote, choreni ukurasa wa mbele kwenye karatasi, mpeni mama wa kikundi kingine, mwambieni: "Tafuta kama hii itafanya kazi kwa simu yako." Halafu mnyamaze. Kunyamaza ni kazi ngumu, kijana atataka kumwonyesha kwa kidole. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha.

Sisi tulirudia ukurasa wetu wa mbele kwa jioni moja. Picha ya mwenyekiti ilihamishwa ukurasa wa mwisho. Hakufurahi, lakini alikubali.